Historia ya Boaz Bujiku Maige, Mtunzi Aliyenyimwa Nafasi Kitabuni

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani, na wageni wetu mliosafiri kutoka machimboni, naomba mnisikilize, mimi Zipora, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, niliyepewa kusoma historia hii kwa sababu nafanya kazi maktaba na familia inaamini maandishi hayanishindi.

Marehemu Boaz alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika kijiji cha jirani na Tinde, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bujiku Maige na mama Lusia, ambao wote wametangulia. Alianza shule mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, akasomea ualimu miaka miwili, na kuanzia Januari 1966 alifundisha shule mbalimbali za Shinyanga vijijini, hadi mwaka 1979 alipoajiriwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, ambako alipunguzwa kazi Juni 1993.

Tarehe 22 Novemba 1970 alifunga ndoa na wifi yangu Paskalina, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akafariki akiwa mchanga, watatu wapo hapa mbele yenu.

Marehemu alikuwa mtunzi wa hadithi za upelelezi. Kitabu chake cha kwanza, Maiti Ndani ya Robota, kilitoka mwaka 1984, kikafuatiwa na vingine vitano, cha mwisho kikiwa Duara la Tatu cha mwaka 1992, vyote vikichapwa hapa mjini na mzee Mansukhlal, kwa mashine ileile iliyochapa kadi za harusi na vitabu vya stakabadhi. Vilikwenda Geita mifukoni mwa wachimbaji, vikasomwa hadi vikachanika.

Februari 1997 alipokea barua kutoka Dar es Salaam, ambako kamati moja ilikuwa inaandaa kamusi ya waandishi wote wa nchi hii, ikimtaka apeleke nakala za vitabu vyake na maandishi mawili yaliyochapishwa na watu wengine kumhusu. Nakala za nyumbani zilikuwa zimeliwa na mchwa, mzee Mansukhlal hakubakiwa na hata moja, na gazetini hakuna aliyewahi kumwandika. Alikuwa na kisukari tangu mwaka 1994, kazi hana, na barua ile aliikunja na kuikunjua mpaka ikakatika katikati.

Ndugu zangu, lifuatalo wifi Paskalina nilimweleza juzi, nanyi nawaeleza leo. Machi mwaka huohuo kamati iliniandikia mimi, kama mtu wa maktaba ya mkoa, bila kujua kwamba ni kaka yangu, ikiuliza kama mtunzi huyu anastahili kuingizwa. Nilijibu tarehe 11 Aprili kwamba maktaba haina kitabu chake, kwamba hadithi zake ni za kupitisha muda, na kwamba sioni sababu ya kumuingiza. Niliogopa kuonekana nampendelea ndugu, na nilikuwa sijasoma hata kimoja.

Agosti alikuja kuniaga akisema, "Zipora, naenda Kharumwa, wachimbaji hawakosi nakala." Nikamwambia, "Kaka, mguu wako haujakaa vizuri." Akajibu, "Mguu utasubiri, kamati haisubiri." Nilikuwa na nafasi ya kumweleza, nikamwekea chai.

Alizunguka machimboni wiki tatu, akarudi na Duara la Tatu lisilo na jalada, na karatasi yenye majina thelathini na moja ya watu waliosoma vitabu vyake, wengine wakiwa wameweka dole gumba kwa kuwa walisomewa na wenzao. Alirudi pia na kidonda kwenye unyayo, ambacho hakikupona. Vitu vile aliitumia kamati kwa rejista ya posta, akakaa kusubiri.

Tarehe 17 Juni 1998 alikatwa mguu, kisha figo zikaanza kushindwa. Jibu la kamati lilifika tarehe 2 Septemba, akaniomba nimsomee pale wodini. Liliandikwa kwamba majina ya wasomaji si ushahidi uliochapishwa, na kwamba maoni kutoka mkoani kwake hayakumuunga mkono. Akasema, "Rudia hapo kwenye mkoani." Nikarudia. Akauliza, "Ni nani huyo?" Nikamjibu, "Sijui, kaka." Akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hakuzungumzia tena vitabu, hadi alipofariki tarehe 9 Septemba, saa kumi alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi matanga, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na mzee Mansukhlal na mkewe, mama Lataben, waliotuletea turubai na sanda. Wachimbaji wa Kharumwa, tulikuwa hatuwajui, nanyi mmekuja kumi na wanane kwenye lori moja, asanteni sana.

Wageni hawa wamekuja na vitabu vyake viwili. Jana nilikaa pembeni ya jiko nikasoma kimoja, tangu asubuhi, hadi Paskalina akaniondolea sufuria iliyokuwa inaungua. Ni kizuri. Muuaji nimembaini ukurasa wa mwisho kabisa, na mama aliyefiwa na mwanawe nimemlilia kama namfahamu. Ningeweza kuiandikia kamati hivyo mwaka jana.

Kaka Boaz, pumzika kwa amani.