Njano ya Asubuhi, Nyekundu ya Jana

Wasikilizaji wapendwa, kila asubuhi Bi Edith Larwood alisuuza brashi zake huku Bi Icilda Brammer akichemsha chai ya mnanaa. Ilikuwa hivyo miaka mingi, katika nyumba yao ya vilimani juu ya Kingston. Asubuhi moja, chai haijachemka, mlango ukagongwa.

Bi Edith alitutoka Jumapili, akiwa na miaka themanini na minne. Alikuja kutoka Uingereza kuchora maua ya kisiwa chetu. Kitabu chake mnakijua. Kina majina mawili kwenye jalada. Majina mawili. Leo nawasimulia jina la pili lilivyofika pale.

Aliyegonga alikuwa mchapishaji, Bwana Wetherall. Alikuwa amesikia kwamba macho ya Bi Edith yameharibika. Ilikuwa kweli. Umbo aliliona vizuri, lakini rangi zote kwake zilikuwa kama majivu. Bi Icilda, ambaye mwanzoni alikuja kufua nguo tu, ndiye aliyemchanganyia rangi. Walilificha jambo hilo miaka mitatu.

"Nichoree hili, peke yako," mgeni akasema, akaweka ua la maho mezani. "Ukikosea, hakuna kitabu."

Maho mnalijua. Asubuhi ni la njano, jioni jekundu, kisha huanguka. Bwana huyu alikuwa ameokota la jana, jekundu pyu.

Bi Edith akachora umbo lake kwa penseli, bila kosa. Kisha brashi ikaenda kwenye njano.

"Nilikuwa mlangoni, nimeshika birika," Bi Icilda aliniambia jana. "Nikakohoa."

"Wewe mama, kifua kinakusumbua?" Bwana Wetherall akauliza.

"Ni vumbi, Bwana. Limeingia na wageni."

Brashi ikasimama hewani.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole wapwa wa marehemu kule Dorset. Zaidi tunampa pole Bi Icilda, ambaye hata leo asubuhi amesuuza zile brashi. Nasi tujiulize, tukisifu kazi ya mtu mmoja, ni nani mwingine aliyesimama mlangoni.

Maana Bi Edith alikielewa kile kikohozi. Angeweza kubahatisha rangi nyingine. Tone la njano likaning'inia kwenye ncha, na kazi ya miaka mitatu pamoja nalo. Akaiweka brashi chini.

"Icilda, acha birika, njoo ukae hapa," akasema. "Bwana Wetherall, mimi sioni rangi. Rangi zote za kitabu hiki ni zake."