Ndugu Pyo na Harufu ya Ghorofa ya Tano

Miaka thelathini na mmoja ya kunusa imetosha. Tarehe 30 Juni, Ndugu Pyo Gil-su, Mkaguzi Mkuu wa Harufu wa Manispaa ya Haeryong, anakabidhi kitambulisho na kiti chake. Pua anaondoka nayo, ingawa Mkurugenzi aliuliza kama kanuni zinaruhusu.

Aliajiriwa baada ya kunusa vikaratasi vitano na kutaja viwili vilivyochovywa dawa ya harufu. Siku hiyo alikuwa na mafua, akabahatisha. Hilo alilikiri mwaka jana tu, kwenye glasi ya nne.

Tangu hapo hakubahatisha tena. Alifunga machinjio ya kuku, akampa onyo muuza samaki ambaye ni mjomba wa mkewe, na sisi wenzake akatukataza kula kimchi, kabichi ya kuchachusha, ofisini. Nyumbani alikuwa vilevile. Mama yake, Bi Nam Sun-rye, aliposhuka kutoka kijijini na mtungi wa soya iliyochachushwa, alimzuia mlangoni: "Mama, hapa ni ghorofani. Majirani watalalamika." Mama akageuka na mtungi wake, akapanda basi la kurudi. Hakuja tena kwa miaka kumi na mmoja. Pyo alitusimulia kisa hicho kama ushindi, nasi, tuseme ukweli, tulicheka.

Februari ya mwaka juzi mtu alipiga simu kusema jirani yake wa ghorofa ya tano anapika maiti. Nilifuatana na Pyo, nimebeba mfuko wa kuchukulia sampuli ya hewa. Aliyefungua ni Bi Cheon Ok-bun, miaka themanini na miwili. Jikoni mchuzi wa soya iliyochachushwa ulitokota, na matofali ya soya iliyopondwa yalining'inia kwa kamba za majani ya mpunga. Pyo alivuta pumzi ya kwanza, kama kanuni inavyotaka. Ya pili ilimshinda. Aliketi sakafuni bila kuvua viatu, mtu mzima na beji kifuani, akalia.

"Wewe serikali, una nini?" bibi akamuuliza.

"Utotoni nilipata surua," Pyo akasema. "Chumba chenye moto kilikuwa kimoja tu, cha kuchachushia soya. Mama alinilaza humo, akakesha ananipepea. Nilishasahau."

"Ulisahau, au ulipanda cheo? Vua viatu ule."

Tulikula. Ripoti yake ilisema "harufu haikupimika", uongo wake wa kwanza wa kiserikali tunaoujua, na mlalamikaji akashauriwa afunge dirisha.

Kesho yake Pyo aliomba likizo, akaenda kijijini. Bi Nam alifungua mlango, akamtazama toka utosini hadi vidoleni.

"Umekuja kupima?"

Mama hakungoja jibu. Alimpa mchi, akamtwangisha soya siku tatu bila kumsemesha. Siku ya nne akamwambia, "Unatwanga vibaya. Rudi mwezi ujao." Alirudi, na hajakosa mwezi hata mmoja.

Sasa anahamia huko moja kwa moja. Bi Nam, mwenye miaka themanini na minane, amekubali kwa sharti moja: mwanawe asinuse kitu nyumbani kwake bila kuombwa.

Ndugu Pyo, ahsante kwa kuusafishia mji huu hewa, hata pale ambapo haikuwa chafu. Tunakuombea uzee wenye afya na mama mwenye subira. Akikupa bakuli, kula kwanza.