Mama Rafaeli na Kitabu cha Picha Ambacho Hakukichagua

Bi. Gaudensia Ambrosi, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Rafaeli, anastaafu tarehe 30 Juni 1998 baada ya kuitumikia Maktaba ya Mwangaza hapa Mpanda kwa miaka ishirini na sita. Kamati imeniomba mimi, Josephat Luhende, katibu wa maktaba, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya leo. Nimekubali, ingawa mtu mwingine yeyote angestahili kuuandika kuliko mimi. Sababu mtaiona.

Alianza kazi Machi 1972, maktaba ikiwa na rafu mbili na benchi moja. Vitabu vilipokuja kwa treni kutoka Tabora, yeye ndiye aliyevipokea stesheni na kuvivalisha majalada ya karatasi za mifuko ya saruji. Wasomaji wa zamani wanakumbuka kitabu cha useremala kilichorudi kutoka Karema kikinuka samaki wale wa ziwani, migebuka. Alikianika wiki nzima, akakirudisha rafuni, na ndani ya jalada akaandika: "Kimeonja ziwa. Kishikwe kwa mikono safi." Tangu siku hiyo kila mtu alitaka kukiazima, ili akinuse tu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchagua vitabu vya ufundi. Mwaka 1993 watu wengi walikuja kuulizia vitabu vya kujifunzia kupiga picha. Mama Rafaeli hakuwa mpiga picha, kwa hiyo aliazima kamera ya parokia. Alikuwa anasoma ukurasa mmoja, halafu anatoka kujaribu alichoambiwa. Mimi ndiye niliyesimamishwa kando ya dirisha, nikigeuzwa huku na huku kama nguo kwa fundi cherehani.

Alitaka kitabu kinachoeleza mwanga wa jua na wa dirishani kabla ya kufika kwenye taa za studio. Alitaka kiwe na picha za watu wenye ngozi kama yetu, maana uso mweusi na shati jeupe havipokei mwanga sawasawa. Na alitaka kionyeshe picha zilizoharibika, pamoja na sababu zake. "Kitabu ambacho hakijawahi kukosea," aliniambia, "kitamfundisha nini mtu anayeanza?"

Mwishowe alichagua kitabu chembamba cha Kiswahili, kisicho na rangi hata ukurasa mmoja. Akajaza fomu ya kuagiza, akatia sahihi, akaniachia mezani.

Mwezi uliofuata tulikuwa tunatazamia wageni wa kufungua chumba kipya cha kusomea. Katika katalogi niliona kitabu kikubwa cha Kiingereza, karatasi za kung'aa, picha za rangi tupu. Nikaona hicho ndicho kitakachowapendeza wageni. Nilikata jina la kitabu chake, nikaandika la kwangu kwa herufi kubwa, juu ya sahihi yake.

Sanduku lilipofunguliwa, alikishika kitabu kile, akakifunua huku na huku.

"Ndugu Katibu, hiki si kile."

"Hiki ni kizuri zaidi," nikamjibu. "Wageni wanakuja."

Alikiweka rafu ya juu kabisa. Mimi nikakishusha, nikakiweka mezani pa mbele. Na alipokuja Nyanzala Malale kutoka Kibaoni, mama wa makamo aliyetaka kuwa mpiga picha na ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, mimi mwenyewe nilimkabidhi.

Baba yake Nyanzala alikuwa mgonjwa. Kabla ya kupelekwa hospitali aliwaita watoto wote, akavaa shati lake jeupe, akasema anataka picha moja ambayo wajukuu watamjua kwayo. Nyanzala alifuata kitabu. Alimweka mzee jua likiwa nyuma yake ili kichwa kizungukwe na mwanga, kama picha ilivyoonyesha. Kwamba mpiga picha wa kitabuni alikuwa na taa kubwa mbele ya uso wa mtu wake, hilo lilikuwa limeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Filamu ilikwenda kusafishwa Tabora. Iliporudi, mzee alikuwa amezikwa siku tisa kabla. Katika kila picha shati lilionekana, mbingu zilionekana, na mahali pa uso palikuwa peusi kama mkaa.

Nyanzala na kaka zake walizileta picha zile maktaba, wakazipanga juu ya meza ya kamati. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyechagua kitabu hiki. Fomu ikaletwa. Sahihi ilikuwa ya Mama Rafaeli, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekata jina la kwanza. Aliitazama fomu, kisha akanitazama mimi, akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Sikulisema.

Barua ya onyo niliipiga taipu mwenyewe. Aliisoma yote, akasema, "Umeandika vizuri, Ndugu Katibu. Hakuna herufi iliyokosewa." Kwa barua hiyo alikosa ukuu wa maktaba, ambao ulikuwa umekwisha kumfikia. Hakuupata tena.

Jumamosi iliyofuata alipanda lori hadi Kibaoni na nakala yake mwenyewe ya kitabu kile chembamba. Aliomba radhi kwa familia kwa kosa ambalo halikuwa lake, kisha akakaa na Nyanzala dirishani wakijaribu ukurasa baada ya ukurasa. Alirudi huko kila mwezi kwa mwaka mzima. Leo Nyanzala ana studio Kawajense, na watu wanatoka mbali kumfuata kwa sababu nyuso zinaonekana.

Miaka mitano nimekaa meza moja na mama huyu. Amenisalimia kila asubuhi, na kila asubuhi nimeinamisha macho kwenye makaratasi. Wiki mbili zilizopita niliieleza kamati ukweli wote. Barua ile imeondolewa kwenye jalada lake, na barua ya onyo kwangu imeingia kwenye langu.

Jumatatu nilimwendea nikamwambia nitayaandika haya yasomwe mbele ya watu. Alikuwa anavalisha kitabu karatasi, hakuacha.

"Andika," akasema. "Ila usiandike kwamba nimekusamehe. Hilo bado nalifikiria."

Basi sijaandika. Mama Rafaeli, kwa niaba ya wafanyakazi na wasomaji wote, asante kwa kazi yako safi. Nenda ukapumzike na wajukuu, afya ikutunze, na ulifikirie jambo lile kwa muda wowote utakaopenda.