Kifurushi Kisichofunguka

Mniwie radhi wanangu, wosia huu nitausema vibaya, maana ndio kwanza nakufa na sikupata nafasi ya kufanya mazoezi. Sogeeni. Si karibu hivyo, mkubwa, wewe kaa hapo kwenye kiti ambapo mikono yako naiona, na wewe binti yangu weka huo uji chini, nitaunywa ukishaonja wewe kwanza. Mkwe wangu asimame mlangoni. Mlango ufungwe, yeye akiwa upande wa ndani, nisije nikamsikia anapumua kwenye tundu la ufunguo kama juzi.

Sikilizeni. Karakana hii haikusimama kwa werevu wangu. Programu ya maduka ya dawa, ile inayomwambia mfamasia dawa gani imebaki na ipi inakaribia kuharibika, hata mtoto wa shule angeiandika. Kazi ilikuwa kumfikishia mtu ikafunguka. Nilimpelekea yule mama mfamasia wa kule mlimani, akabonyeza, akaletewa maandishi niliyoyatunga mwenyewe kwa kiburi cha ujana: "Mkalimani hayupo. Muulize aliyefunga kifurushi." Akaniuliza. Aliniuliza kwa sauti ambayo mpaka leo sikio hili la kushoto linasikia nusu. Mkalimani ni nini, na yeye amtoe wapi, na kwa nini nimemuuzia gari halafu namwambia barabara atajenga mwenyewe?

Alikuwa na haki. Programu yetu imeandikwa kwa lugha ambayo kompyuta yake haiielewi mpaka iwekewe kitu cha kuitafsiri, na kwangu kilikuwepo, kwa hiyo kwangu kila kitu kilifunguka vizuri nikajiona fundi. Tangu hapo mkalimani tunamfunga humo humo ndani ya kifurushi, na hakuna kifurushi kinachotoka mlangoni bila kufunguliwa kwanza kwenye Fukara, ile kompyuta tupu tusiyoiwekea chochote. Kikifunguka kwa Fukara, kitafunguka kwa yeyote. Fukara nakuachia wewe binti yangu. Usimtajirishe.

Na hapa ndipo ninapomtazama mkwe. Mwaka huu mzima ananiletea vifurushi vyepesi, eti, "Mzee, mkalimani watajishushia wenyewe kwenye mtandao." Mtandao upi, kule mlimani? Nikajiuliza, mtu anayetaka wateja wetu wakwame anafanya kazi kwa nani? Mkubwa naye ameanza kuniuliza nimeamkaje, mtoto ambaye hajawahi kuniuliza hata nimelala wapi. Basi nikakaa macho. Msimbo wenyewe, yaani maandishi asili ya programu yetu, ambao bila huo hamtarekebisha hata nukta na wateja watatukimbia mmoja mmoja, nikauondoa kwenye kompyuta zenu zote nikauingiza kwenye hii flashi niliyoivaa shingoni. Mlidhani ni hirizi, eh? Nikaufunga kwa programu yangu ya zamani ambayo hakuna kati yenu anayeijua, na mkalimani wake yuko sehemu moja tu duniani, kwenye lile dude la kompyuta kuukuu la stoo, lenye feni inayokohoa.

Binti, nivue hii flashi. Polepole, shingo bado ni yangu. Urithi ni wenu watatu, hata huyo wa mlangoni, maana mama yenu marehemu alimpenda na sipendi kwenda kugombana naye huko. Mkubwa, nenda stoo ulilete dude.

Nenda basi. Mbona mnatazamana?

Sema, binti, usinifiche.

"Baba, tulimpa mtu wa vyuma chakavu."

Kwa amri ya nani? Nani kasema litolewe?

"Wewe, baba. Ulisema linavuma, na kwamba mume wangu ameweka kinasa sauti ndani yake. Yeye ndiye aliyekuwa analifuta vumbi na kuliwasha lisife. Alikuomba liachwe."

Ngojeni. Nipeni maji. Yoyote, nakunywa bila kuonjewa.

Mkwe, ondoka hapo mlangoni, njoo ukae hapa kitandani. Niliijaribu hiyo flashi kwa Fukara? Sikuijaribu. Fukara yuko kwenye meza yako, na mimi sikutaka uone. Katika wateja wote, waliopelekewa kifurushi bila mkalimani ni yule mama wa mlimani... na nyinyi.

Mkubwa, kimbilia kwa mtu wa vyuma, umwombe kwa adabu, labda hajalivunja. Mkikosa, kaeni wote watatu mwandike upya, mezani kwa mkwe, mbele ya Fukara, na asiyemwamini mwenzake atoke nje. Mama wa mlimani... msimcheleweshe, ana sauti. Mungu awape... awape subira aliyonipunguzia mimi. Awaweke pamoja. Taa... nani kapunguza taa? Hakuna? Haya. Nawaamini.

Jiwe la kaburi msihangaike kutunga. Andikeni maneno yangu yale yale: "Mkalimani hayupo. Muulize aliyefunga kifurushi." Na chini yake... mshale, unaoelekeza... chini.