Ishirini na Watatu wa Ng'ambo ya Mto

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mpiga chapa. Hakupigana vita, wala bunduki hakuishika. Alishika penseli, na kwa penseli hiyo alitunyima raha watangazaji wengi, maana kila tulipokosea tarehe alituandikia barua. Hapa kituoni tulimwita Bibi Penseli. Amefariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na minne.

Alikuwa mpiga chapa. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Wakati wa vita alifanya kazi makao makuu ya jeshi, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho vioo vya madirisha vilipakwa rangi nyeusi. Meza sita, mashine sita. Utaratibu ulikuwa mmoja: chini ya kila karatasi mpiga chapa aliweka herufi mbili za jina lake, ili kosa likionekana ajulikane wa kulaumiwa. Na wote sita walikula kiapo kwamba linalochapwa mle halitoki nje. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema. Yeye ndiye alikuwa kata.

Nyumbani aliishi na wifi yake, mke wa mdogo wake. Mdogo wake huyo alikuwa seremala, akaitwa jeshini. Aliacha mke wa miaka ishirini, na randa moja juu ya kabati. Kila mwezi wifi aliishusha randa ile akaipaka mafuta, isije ikashika kutu kabla mwenyewe hajarudi.

Mwenyewe hakurudi. Ilikuja barua: hajulikani alipo. Redio nayo, redio hii hii wasikilizaji, ikasoma orodha ya askari ishirini na watatu. Wote ishirini na watatu, hawajulikani walipo.

Barua ya wifi ililetwa na Bibi Penseli mwenyewe, ndani ya mkoba wake, kwa sababu njia ya kutoka kazini kwenda nyumbani ilikuwa hiyohiyo.

Sasa, mke wa mtu asiyejulikana alipo si mjane. Si mjane, wala hana mume wa kumpakulia chakula. Wifi alikaa hivyo. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mpole, aliyeleta posa mara tatu.

"Mara tatu," wifi alituambia juzi, tulipokwenda kumpa pole. "Mara zote tatu niliwaambia wale washenga, jamani, mimi ni mke wa mtu. Na aliyewapikia chai ni huyuhuyu wifi yangu. Aliwawekea na biskuti."

Miaka arobaini na mmoja ikapita.

Ndipo dereva mmoja mstaafu wa lori la jeshi akaandika kitabu cha kumbukumbu zake. Kitabu chembamba, karatasi duni, makosa tele. Humo alieleza alichokiona kwa macho yake: daraja likilipuliwa na jeshi letu lenyewe ili adui asivuke, na askari wetu wakiwa bado ng'ambo ya pili. Aliandika kwamba walikuwa kama ishirini, na kwamba ilikuwa saa kumi na mbili, jua likichomoza. Hakuwataja majina. Alisema aliwaona wamesimama tu, wakitazama mahali daraja lilipokuwa.

Kitabu kilizua maneno nchi nzima. Bibi Penseli alikinunua, akakisoma kwa siku mbili, penseli mkononi kama kawaida yake. Akamaliza, akampa wifi yake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao: mmoja anasahihisha, mwenzake anasoma kilichosahihishwa.

Wifi alisoma taratibu. Makosa ya nukta, yamesahihishwa. Majina ya miji, yamesahihishwa. Akafika kwenye daraja. Maneno "kama ishirini" yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja safi, na pembeni imeandikwa: 23. "Saa kumi na mbili" nayo imekatwa. Pembeni: saa 11.

Alikaa na ukurasa ule magotini mpaka miguu ikafa ganzi.

Mnatuelewa, wasikilizaji? Mkono ulikuwa umezoea. Miaka yote ile alifunga mdomo, hakuponyokwa na neno hata moja. Lakini kosa kwenye karatasi lilimshinda kulipita. Na wifi aliijua namba ile. Aliisikia redioni, akiwa na miaka ishirini.

Hakuuliza kitu. Alisubiri. Baada ya miezi mitano, kwa ajili ya kelele za kitabu kile, serikali ikafungua majalada ya daraja. Wifi alipanda basi peke yake hadi kwenye jumba la nyaraka. Karani wa pale alimwekea jalada mezani, mhuri wa SIRI umepigwa mstari mwekundu, akamwambia, "Soma pole pole, mama. Hakuna anayekufukuza."

Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa amri: daraja lilipuliwe saa kumi na moja alfajiri, waliobaki ng'ambo wasisubiriwe. Chini yake majina ishirini na matatu, na la kumi na saba ni la seremala. Ya pili ilikuwa taarifa ya siku kumi baadaye: miili yote imepatikana, imezikwa ukingoni mwa mto. Ya tatu ilikuwa agizo: familia ziandikiwe kwamba hawajulikani walipo.

Chini ya kila karatasi, herufi mbili. Herufi zilezile, mara tatu.

Alirudi nyumbani saa tisa mchana. Bibi Penseli alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizoanuliwa.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimeziona herufi zako, wifi."

Bibi Penseli aliendelea kukunja shuka. Alilikunja mara nne, akalinyoosha kwa kiganja.

"Ulijua lini?"

"Nilipokuwa naichapa ile amri. Jina lake lilikuwa la kumi na saba. Afisa alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Ukaendelea?"

"Nikaendelea. Sikukosea hata herufi."

"Na mimi? Mbona hukuniambia?"

"Mwanzo kilikuwa kiapo. Halafu nikakuogopa. Halafu tukazoea."

Wifi anasema hakupiga kelele. Hakulia. Alichukua upande wa pili wa shuka lililofuata, wakalikunja pamoja, kwa sababu lilikuwa kubwa na mtu mmoja hawezi. Waliishi pamoja miaka sita mingine. Kilichobadilika ni kimoja tu: randa haikupakwa mafuta tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na mmoja, na ilipita katikati ya maisha ya mtu.

Tulimuuliza wifi kama alimsamehe. "Sijui, mwanangu. Alipougua nilimlisha. Alipokufa nimemwosha. Hapa moyoni nikipapasa sikuti kitu. Labda kitakuja."

Kabla hajafa, Bibi Penseli alichapa mwenyewe tangazo la kifo chake, hakutaka tumkosee. Tunalo hapa studio. Mstari wa tatu unasema: "Alikuwa dada wa seremala na askari," kisha pameachwa nafasi tupu, upana wa mstari mzima. Mtu ambaye hakuwahi kuacha nafasi tupu maishani mwake.

Wifi ameijaza kwa penseli. Jina la mumewe ametuomba tusilitaje, anasema yeye analijua, yatosha.

Kwa familia hiyo, ambayo leo ni mtu mmoja, tunatoa pole. Kwa familia nyingine ishirini na mbili pia, pole, pamoja na pole tuliyochelewa kuitoa. Na nyinyi mlio na barua za zamani ndani ya sanduku, au mliowahi kuandika barua kama hizo, kaeni nalo hili kidogo baada ya redio kunyamaza.

Kituo hiki kiliwahi kusoma tangazo lisilo la kweli. Sasa tunasoma jingine, lililochapwa na kujazwa kwa penseli:

"Alikuwa dada wa seremala na askari, aliyekufa ng'ambo ya mto. Daraja lilivunjwa saa kumi na moja. Ameacha mjane."