Mwalimu Njambi, Aliyeshika Blada

Tabitha Njambi Gachau alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961 huko Gatuanyaga, kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba. Ndugu zake walipoenda kuchunga mbuzi walimwacha nyuma, eti miguu yake ni mifupi. Aliwangoja langoni hadi vumbi lao lionekane. Baadaye alipenda kusema kwamba ualimu alianza kuusomea pale langoni.

Alisoma shule ya msingi Gatuanyaga, akamaliza kidato cha nne mjini Thika mwaka 1979, na mwaka 1983 akapata cheti cha ualimu. Alianza kazi Ruiru. Huko alikutana na Gachau, fundi wa magari mwenye maneno machache na kicheko kingi. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakahamia mtaa wa Landless, Thika, wakajaliwa Macharia na Ciku.

Katika shule aliyofundisha Landless hadi alipostaafu mwaka 2021, wazazi walimjua kwa hesabu. Watoto walimjua kwa blada, ule mpira mrefu unaofungwa miguuni mwa wawili ili wengine waruke. Mwaka 2004 alikuja darasa la nne msichana mgeni kutoka Bungoma, Nakhumicha. Kundi la Maggie, mwenzake wa darasani, lilimkubali mchezoni, lakini kwa kushika tu. Kila mapumziko alisimama na mpira miguuni, na zamu yake ya kuruka haikufika. Akiuliza, aliambiwa, "Wewe ni nguzo. Nguzo huruka?"

Punde tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi ya shule. Mama yake akaja kuaga: mtoto angerudishwa kwa nyanya yake.

Mwalimu aliomba wiki moja, na akaianza vibaya. Aliamuru darasa zima licheze na Nakhumicha. Wasichana walitii. Walimpa zamu, kisha wakanyamaza wote, wakimtazama, mpaka akatoka mwenyewe akilia.

Kesho yake Mwalimu alivua viatu, akajifunga blada miguuni. Akamwita Maggie ashike upande wa pili. Nakhumicha aliruka, akanaswa, akaanguka, na vicheko vikapaa. Mwalimu hakumwinua wala hakukemea mtu.

"Ruka tena, mami," alisema. "Mimi sitoki hapa."

Ijumaa, baada ya kushika kila mapumziko, Maggie alikuwa anasugua miguu. "Ticha, kwani huyu Nakhumicha hushika hivi siku zote?"

"Muulize mwenyewe."

Maggie akauliza. Jumatatu walikuwa dawati moja, na yule mama hakurudi kuaga. Tangu hapo, kila mapumziko, blada ya darasa la nne ilikuwa na miguu ya mwalimu upande mmoja.

Kisukari kilimwanza mwaka 2022, kikamnyang'anya nguvu za miguu. Nakhumicha, sasa muuguzi Ruiru, na Maggie, mwenye hoteli ya nyama choma huko Kamakis, walipeana zamu kumsimamisha. Siku moja alikataa kujaribu, akageukia ukutani. Nakhumicha akamwambia taratibu, "Jaribu tena, Mwalimu. Mimi sitoki hapa." Akasimama.

Alituaga tarehe 9 Februari 2025 hospitalini Thika, mikono yake yote miwili ikiwa imeshikwa.

Ameacha mume wake Gachau, watoto wake Macharia na Ciku, wajukuu watatu, na wengi walioruka kwa sababu yake.

Mwalimu, umeshika vya kutosha. Tuachie sisi blada, upumzike kwa amani.