Nani Atambeba Baba Jumamosi

DAMARI: Haloo? Haloo, huko ni nani?

NAFTALI: Ofisini Singida hapa. Karani Naftali. Wewe ni nani mwenz—

DAMARI: Ni mama yako.

NAFTALI: Mama? Shikamoo, mama.

DAMARI: Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?

NAFTALI: Hawajambo. Unapiga kutoka wapi?

DAMARI: Ikungi, dukani kwa Kanti. Amenishikisha mkono wa simu, anasema nisipige kelele, simu si kiziwi. [waya unakoroma] Unanisikia?

NAFTALI: Nakusikia. Baba anaendeleaje?

DAMARI: Mguu ni ule ule. Kufika mlangoni mpaka nimshike. Naftali, wamepita watu wa kuhamisha. Wanasema lori la kutupeleka kijiji cha ujamaa ni kesho. Kesho Jumamosi.

NAFTALI: Najua, mama.

DAMARI: Unajua?

NAFTALI: Kila kaya ina siku yake. Gari likishapita halirudi, na nyumba inaezuliwa pale pale. Sasa—

DAMARI: Nani aliyetupangia Jumamosi?

NAFTALI: Tulipan— ofisi imepanga.

[Waya unakoroma.]

DAMARI: Kitendawili.

NAFTALI: Mama, hii ni simu ya—

DAMARI: Kitendawili.

NAFTALI: [anashusha sauti] Tega.

DAMARI: Mgeni wangu hupiga hodi jua likizama, na akishaingia hata ng'ombe hafungwi nira.

NAFTALI: Sabato.

DAMARI: Nilidhani umeshasahau.

NAFTALI: Sijasahau. Ila huku Jumamosi ni kazi, mama. Ningefanyaje?

DAMARI: Sijakuuliza hilo. Nasema habari za baba yako. Tangu asubuhi amekikumbatia kitabu cha Kutoka. Anasema Wana wa Israeli waliambiwa kule jangwani, wakati wa mana, mtu asitoke mahali pake siku ya saba. Na yeye hatoki.

NAFTALI: Wale walikuwa Wayahudi. Sisi ni Wanyaturu.

DAMARI: Njoo umwambie wewe. Majirani wanatucheka vya kutosha. Jana Yustina kaniuliza kama Mungu atatupasulia bahari huku kwetu, ambako hata maji ya kunywa ni shida.

NAFTALI: [anacheka kidogo, anakatiza kicheko] Basi hameni leo.

DAMARI: Kwa mguu upi? Na jua limeshainama. Mwanangu, tubadilishie siku. Jumapili tutapanda wenyewe, na nyimbo tutaimba.

NAFTALI: Siwezi. Nikianza na nyumba ya kwetu, kila mtu atakuja na sababu yake. Mkubwa wangu ameshaniambia, "Tunakutazama wewe na Sabato yenu."

DAMARI: Kwa hiyo umebanwa.

NAFTALI: Nimebanwa, mama.

DAMARI: Na mimi nimebanwa. Nikikaa naye, paa linaondoka juu yetu. Nikimvuta atoke, naivunja amri niliyokulea nayo. Mwenyewe anasema wambebe na kitanda chake, na dhambi ni ya mbebaji.

[Waya unakoroma.]

DAMARI: Naftali? Nani anakuja na hilo lori?

NAFTALI: Unasema?

DAMARI: Umenisikia.

NAFTALI: Mimi.

DAMARI: Wewe?

NAFTALI: Niliomba mwenyewe. Wale wengine wangemburuta, mama, nimewaona walivyofanya kwingine. Nitambeba mimi, mgongoni, polepole.

DAMARI: Atakuambia maneno.

NAFTALI: Aniambie.

DAMARI: Pengine hatasema nawe kabisa.

NAFTALI: Hata hivyo nitambeba.

DAMARI: [anavuta pumzi] Kanti ananionyesha saa. Mtakuwa wangapi kwenye gari?

NAFTALI: Na dereva, wanne. Kwa nini?

DAMARI: Kesho sikoki moto, unanijua. Itabidi nipike leo hii, kabla jua halijazama. Mtakula ugali uliopoa, na mlenda. Wenzako wakinuna, shauri yao.

NAFTALI: Mama, usijisumbue, sisi tuta—

DAMARI: Mtoto wangu afike kwangu aondoke na njaa? Haya, acha nikimbie. Na ukimbeba, pitisha mikono chini ya mapaja. Mguu wa kushoto usiguse kitu, hata kama anakutukana—

NAFTALI: Mama, ngoja, nilitaka kukuambia—

[Simu imekatika.]